Maji Rangi ya Strungi

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya kwanza. Imeshuka juu ya mabati kama gunia la misumari lililopasuka, kisha ikanyamaza kabla mtu hajatafuta pa kujikinga. Nabwire wa mlango wa pili ametoa nje mabeseni yake yote na kupata maji ya kunawa uso, tena uso wa mtoto.

Maji ya tenki la samaki yamekuwa strungi kabisa, ile chai kavu iliyosahauliwa jikoni ikalala hapo. Jana niliona mkia ukipita. Leo kwenye kioo naona uso wangu tu, nao si wa kumfanya mtu asogee karibu.

Tenki lina futi sita. Limekaa ukutani mahali ambapo watu wenye akili huweka kochi. Mke wangu Akoth aliachiwa na watu wa Lavington aliokuwa akiwafanyia kazi, walipohama nchi. Lilipofika hapa Kawangware 46 kwa mkokoteni, ploti nzima ilitoka kumwona Mjaluo anayefuga samaki badala ya kuwakaanga. Akoth aliwaambia kwao wamekula samaki tangu enzi za mababu, sasa ni zamu ya mtu mmoja kuwaangalia.

Alitaka mti humo ndani, samaki wapate pa kujificha, maana walikuwa na gae la chungu tu. Mwezi uliopita, vijana waliomchimbia kaburi kwetu Mwingi walikutana na mzizi wa mkwaju uliokufa zamani. Wakaukata, wakautupa kando. Mimi ni mchongaji, siwezi kupita mti uliotupwa. Nikauleta Nairobi, basi likaulipisha kama abiria. Nikatoa gae, nikauweka mzizi.

Ndiyo hiyo strungi.

Jumanne, 18 Machi

Kazini, Laini Saba. Treni ilipopita vinyago vikacheza rafuni kama kawaida. Ishmael, mchongaji mwenzangu, alikuwa anampaka twiga wa mjakaranda polishi nyeusi ya viatu. Akimaliza, twiga huwa mpingo, na mpingo una heshima zake. Nikamweleza habari ya maji yangu.

"Buda, hiyo mti yako ni mkweli sana," akasema. "Ipake polishi. Mti ikipakwa inajifunza kunyamaza."

Nimefikiria watu kadhaa waliopakwa, nikianza na mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Christine amepiga simu. Ni mdogo wake Akoth, anauza mboga Laini Saba, si mbali na karakana yetu. Tangu mazishi namwona kama mtu anayepima vyombo kwa macho, nikadhani anataka kujua nguo za dada yake zitagawanywa lini. Kumbe ni habari za mama yao. Min Akoth, ndivyo wanavyomwita, ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Amepata nafasi ya kupasuliwa jicho moja hapa Nairobi mwezi wa tano.

"Anasema kitu ya kwanza anataka kuona na hiyo jicho ni samaki yake," Christine akasema. "Shemeji, yuko?"

"Yuko," nikasema.

Ni mara ya pili kusema hivyo. Ya kwanza ilikuwa kaburini. Mama aliuliza kupitia kwa Christine huyu huyu, na mazishini mtu hukubali kila kitu ili aachwe asimame. Kila Jumapili Akoth alikuwa akimpigia mama yake, amekaa kwenye stuli mbele ya tenki, kwa Kijaluo. Kijaluo changu kinatosha kununua omena. Nilikuwa nasikia rech, rech, yaani samaki, nikadhani wanaongea soko. Kumbe alikuwa amempa mama yake samaki mmoja humo ndani, awe wake.

Yupi, sijui. Na siwezi kuuliza. Mtu aliyekwisha kusema yuko hawezi tena kuuliza ni nani.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Tokeni za stima zimeisha, pampu ya tenki imelala.

Jumapili, 23 Machi

Nimesoma kwa simu siku nzima. Watu wa ng'ambo wana tenki kubwa kuliko nyumba yangu, na shida ni hii hii. Wanasema rangi ya mti haiui samaki, inawaficha tu. Wanasema toa robo ya maji kila wiki, weka mapya. Hawasemi mapya yatoke wapi. Mfereji wa ploti hutoa maji Jumanne ukijisikia, tena yana dawa inayochoma pua mpaka uyalaze kwenye mitungi.

Lakini mwaka huu mbingu ni za bure. Nimepinda bati chini ya paa, linamwaga kwenye pipa. Nikanyonya mpira ili maji ya zamani yatoke, yakanijaa mdomo. Nilitarajia ukwaju. Ni ladha ya udongo. Nikatema, kisha nikakaa chini kidogo.

Jumatano, 26 Machi

Nabwire amekuja na makaa ya jiko. Mlango wake hauna kitasa, una masikio. Akayaponda, akaomba soksi, akaijaza, tukaitundika mbele ya pampu.

Alhamisi, 27 Machi

Maji meusi. Hakuyaosha makaa. Anasema mimi pia sikusema yaoshwe. Ni kweli.

Jumamosi, 29 Machi

Amerudi na shabu, ile wanayosafishia maji ya mto. Anasema kwao Busia maji ya kahawia huingia mtungini jioni, na asubuhi unaona sarafu ikiwa chini. Nikamwambia tujaribu kwenye ndoo ndogo kwanza. Kweli maji yakang'aa. Nikamweka samaki mwekundu mmoja, akaanza kuhema juu juu kama mtu aliyepokea simu mbaya. Nikamrudisha kwenye strungi, akatulia.

"Afadhali yeye gizani," Nabwire akasema.

Nikaimwaga ile ndoo nje.

Jumapili, 30 Machi

Nimeutoa mzizi. Ukibaki humo nitabadilisha maji hadi Krismasi. Nilipouinua ukalia, krii, krii, kama mlango wa kanisa. Mti hulia. Mti wowote ukitoka majini kuingia kwenye hewa hujinyoosha na kulalamika. Nimesikia mvule, nimesikia mwembe, nimesikia hata mjakaranda wa Ishmael chini ya polishi yake. Nikatoka nao mbio usije ukapasuka, nikautumbukiza kwenye pipa la pili la maji ya mvua. Ukanyamaza.

Simu inasema mti uchemshwe mpaka rangi iishe. Hakuna sufuria ya kuutosha. Nitachemsha pipa lenyewe juu ya mawe Jumapili ijayo, siku isiyo ya kazi.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Moto haukushika.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimebadilisha maji tena. Makaa yaliyooshwa yanafanya kazi. Strungi sasa imefika ile ya hotelini, ambayo majani yalipitishwa juu ya kikombe wakiagana.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Moto ulikula gazeti, ukaziacha kuni.

Jumatano, 16 Aprili

Viluwiluwi vya mbu vimejaa kwenye mapipa yote ya ploti isipokuwa pipa la mzizi wangu. Nabwire amechunguza na kuamua kwamba mkwaju ni dawa. Ameomba kikombe cha yale maji anyunyize mlangoni. Nimempa. Jirani wa nyuma naye ameomba. Nikiendelea hivi nitafungua kliniki.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua. Nabwire aliniletea chapati zimefunikwa kwa sahani, akaziweka mezani, akaondoka bila kuuliza chochote. Huenda nilimkosea kuhusu yale masikio.

Jumatatu, 28 Aprili

Usiku maji yaliingia ndani hadi kifundo cha mguu. Tenki halikutikisika. Ilikuwa ajabu kidogo, samaki kukaa pakavu kuliko mimi.

Asubuhi nilitembea hadi Laini Saba. Matope yalikuwa yamebeba kibanda cha Christine, yakakiweka mbele ya duka la mwingine kana kwamba kimehamishwa kwa mapenzi yake. Nikamsaidia kukirudisha, mbao moja moja. Sketi yake ilikuwa matope mpaka kiunoni, kwa hiyo nikaona ni wakati wa kulimaliza lile jambo. Nikamwambia aje achukue nguo za dada yake.

Akaendelea kupigilia msumari. Kisha akasema, "Sitaki nguo, shemeji. Nikivaa, mama atasikia harufu ya Akoth. Na bado haoni."

Tukapigilia mpaka mwisho. Nilipokuwa narudi nilijaribu kukumbuka ni vyombo gani nilimwona akivipima. Sikukumbuka hata kimoja.

Jumamosi, 3 Mei

Naona hadi ukuta wa nyuma ya tenki. Samaki wekundu wapo, ngege wanne wapo, na yule mweupe wa mkia uliochanika. Kila mmoja anaweza kuwa wa mama. Nimewaangalia kama polisi kwenye gwaride la utambuzi. Hakuna aliyekiri.

Nimeamua hivi. Yeye ndiye anayemjua. Atanyoosha kidole, nami nitasema ndiye huyo, mama, amenenepa siku hizi.

Jumatatu, 12 Mei

Min Akoth amepasuliwa. Christine anasema ameamka vizuri na ameagiza uji.

Jumapili, 18 Mei

Mvua, moto, moshi, basi.

Christine alikuja kuangalia kama nyumba inafaa mgeni. Akasimama mlangoni akatazama kitanda. Sikungoja aseme. Kwao mama mkwe hawezi kuingia akaona kitanda cha mkwe. Kwetu Ukambani tunaita nthoni, na kwetu hata macho hayakutani ovyo. Ndilo jambo pekee ambalo jamaa zangu na za Akoth walikubaliana siku ya posa. Shida ni kwamba nyumba ni chumba kimoja, na kitanda ni nusu yake.

"Atalala kwangu Laini Saba," Christine akasema. "Lakini samaki lazima aje hapa. Tufunge pazia?"

Nikasema nitatafuta njia. Atakuja Jumapili ijayo.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekifungua kitanda, vyuma na mbao, nikakipeleka kwa Nabwire. Amekisimamisha nyuma ya kabati lake na kutupa leso juu yake, kama mtu anayemfunika mgeni aliyelala. Godoro lina mabonde mawili. Nimelikunja, hayaonekani tena.

Chumba kimekuwa kikubwa mpaka nikikohoa sauti inanirudia. Mlango ukiwa wazi, mwanga unafika kwenye tenki moja kwa moja.

Nimeomba ruhusa kazini kesho. Jua likitoka nitauchemsha mzizi, niurudishe ndani kabla mama hajafika.

Jumamosi, 24 Mei

Jua lilitoka. Nikaweka pipa juu ya mawe matatu, nikawasha. Kuni zilishika kana kwamba zilikuwa zinaningoja mimi tu niamue. Nabwire akaleta mavazi yake yote kwenye kamba, akayatoa tena kwa sababu ya moshi, akaniambia kitu kwa Kiluhya ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa.

Pipa likaanza kutoa jasho. Ndipo bodaboda ikaingia kwenye ploti, Christine nyuma na mama yake katikati, amevaa miwani nyeusi ya hospitali. Nilikuwa nawangoja kesho.

"Ameamka akaona jua," Christine akasema. "Akasema twende leo."

Min Akoth ni mama mdogo, mkavu. Aliushika mwimo wa mlango kwa vidole kabla ya kuingia, ingawa sasa anauona. Akaketi kwenye stuli ya Akoth bila kuonyeshwa. Mimi nikasimama mlangoni, upande, macho kwenye sakafu inavyotakiwa. Akavua miwani.

Aliwaangalia kutoka kushoto hadi kulia. Nikaandaa uso wangu. Samaki wekundu walipita, ngege walipita, yule mweupe akaja mpaka mbele ya pua yake na kugeuka pole pole, kama aliyeajiriwa. Kidole hakikunyooka. Akaangalia tena, kutoka kulia hadi kushoto, akiwa ameegemea kioo. Kisha akasema maneno machache, na Christine hakutafsiri.

"Anasema nini?"

"Anasema hawa ni wazuri." Christine akageuka kwangu. "Anasema wake hayuko."

Nilikuwa na uongo wa akiba, wala si mmoja, lakini kila mmoja ulihitaji nijue samaki mwenyewe. Kwa hiyo nikasema lililobaki. "Mwambie sijui ni yupi. Akoth hakunitajia. Nilisema yuko kwa sababu sikutaka ampoteze na samaki siku hiyo hiyo ya mazishi."

Christine akafungua mdomo atafsiri. Mama akainua mkono, akamzuia. Akaongea na mimi, kwa Kiswahili cha mtu aliyeuza samaki Homa Bay kwa Waswahili na Wahindi, na nikajua kwamba miaka yote hii nthoni ilikuwa imetuficha hicho.

"Okoko," akasema. "Mimi yangu ni okoko. Huyo wa ndevu. Mchana huwezi kuona yeye, anaingia kwa shimo. Baba yake Akoth akivuta nyavu, Akoth alikuwa mdogo hivi, akiona okoko analia mpaka tunarudisha kwa maji. Kwa sababu okoko pia analia. Ukimtoa tu kwa maji. Krii, krii."

Nikainua macho kutoka sakafuni.

"Na akiwa kwa shimo anafunga miiba. Hata ukivuta, hatoki."

Nyuma yangu kuni zikapasuka.

Watu wakisimulia mambo kama haya husema walipiga kelele. Mimi nilitoka nje kama mtu aliyeitwa. Nikavuta kuni kwa mkono, moja, mbili, ya tatu ikanikumbusha kwamba ina moto, nikasukuma zilizobaki kwa mguu. Nabwire alinitazama mara moja tu, akamwaga beseni lake la kufulia juu ya makaa, sabuni na yote. Moshi mweupe ukatufunika. Hakuuliza.

Nikatumbukiza mkono. Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto. Nikaushika mzizi, nikautoa.

Kimya.

Nikaugonga kwa kidole, jinsi tunavyogonga gogo kujua kama limeoza ndani. Kimya. Christine alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mzizi ulikuwa unatiririsha strungi juu ya viatu vyangu, na nikaona nitauweka tu chini, kisha nitaingia ndani nikunje mikono, kisha sijui.

"Inua juu," Min Akoth akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, bila miwani, katika jua hilo lote. "Kaloki. Juu kabisa."

Nikauinua hadi usawa wa uso wangu, maji yakaingia mikononi mwa shati. Kuna tundu ambapo mzizi unagawanyika, ningekuwa nachonga ningelifanya jicho. Humo ndani, chini kabisa, kitu kikasema krii.

Kisha tena, krii, krii, kwa hasira.

Tangu mwezi wa pili sijasikia kitu kifuani, si kizuri wala kibaya, na sitaandika kwamba nilisikia leo. Ila Christine aliniambia mara mbili niushushe mzizi kabla sijaushusha.

Tulimpoza kwanza kwenye beseni jingine la Nabwire, lisilo na sabuni, mzizi na mwenyewe ndani yake, ndipo tukamrudisha kwenye tenki. Kwa hesabu ya ploti, yeye ndiye aliyekuwa dawa ya mbu. Nabwire amesononeka kidogo kuhusu mkwaju.

Min Akoth alikaa kwenye ile stuli hadi ndevu zilipochungulia kwenye tundu. Akaliziba jicho bovu kwa kiganja, ili lile jipya liangalie peke yake.

Kabla ya kuondoka aliuliza mti huu umetoka wapi. Aliuliza kupitia kwa Christine, kana kwamba hatujawahi kuongea. Nikaeleza: Mwingi, mkwaju, wachimbaji. Christine alichukua muda mrefu kutafsiri maneno machache hivyo. Mama akaweka kiganja kwenye kioo, mahali mzizi ulipo, akakiacha hapo.

"Usichemshe hii," akaniambia.

Jumapili, 25 Mei

Nimerudisha kitanda. Godoro nimeligeuza, upande wa chini juu.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimeisha. Maji yanaanza tena, manjano karibu na mzizi, kahawia kule kona. Ishmael anasema bado anayo polishi. Nikamwambia abaki na twiga wake.

Saa kumi Christine akapiga. Mama amefika salama nyumbani, na amekaa hapo karibu na simu anauliza.

"Yuko?"

"Ngoja," nikasema. Nikaweka simu kwenye stuli, nikapiga magoti, nikabandika uso kwenye kioo. Strungi, strungi, kisha unywele mmoja mweusi ukatoka kwenye tundu, ukapapasa, ukarudi.

Nikachukua simu.

"Yuko."